Beseni la Nyama ya Safari

Kila baba alipojiandaa kwa safari, bibi alimkaushia nyama. Baba alikuwa dereva wa lori, na huko njiani aliitafuna kavu vilevile, mkono mmoja kwenye usukani. Kuosha vyombo ilikuwa kazi ya binti yake, aliyebandikwa jina la Chapuchapu kwa haraka zake.

Bibi alikata nyama vipande vyembamba, akaitia chumvi kwenye beseni la bluu, kisha akaianika juani chini ya wavu wa kuzuia nzi.

"Beseni hili ulioshe kwa sabuni na maji ya moto," alimwambia mjukuu wake, kisha akamtania: "Umenisikia, mke mwenzangu?"

"Nimesikia, bibi."

Lakini nje wenzake walikuwa wakiruka kamba.

"Chapuchapu, mbona umejificha? Unaogopa kushindwa!"

Maneno yalimchoma. Akasuuza beseni kwa maji baridi, akalipangusa kwa kitambaa, mguu niponye.

Siku ya safari nyama ilikuwa imekauka kabisa. Bibi aliikusanya kwenye beseni lilelile. Hapo ndipo Chapuchapu alipoona damu iliyoganda chini ya ukingo. Akawaza: Akisema, jasho lote la bibi limekwenda bure. Akinyamaza, baba ataila nyama hii njiani.

Nje lori lilikuwa likinguruma. Baba aliingia, akachukua kipande, akakipeleka mdomoni.

"Baba, usile! Beseni sikuliosha kwa sabuni. Nililipangusa tu."

Bibi alipitisha kidole ukingoni, akakitazama. "Mgongo wangu mimi! Kazi yote bure!" alisema, akaketi. Chapuchapu akaangua kilio.

Baba alirudisha kipande, akamgeukia binti yake. "Nyamaza, mama. Afadhali wewe ulie hapa kuliko mimi niharishe porini na mzigo wa watu. Nitanunua mkate."

Bibi alimvuta mjukuu wake karibu. "Ungeweza kunyamaza, hukunyamaza. Hilo nimeliona. Lakini sikiliza: jua linakausha, halioshi. Vijidudu vya nyama mbichi havionekani. Vilibaki kwenye beseni, sasa vimeingia kwenye nyama kavu, na baba yako huila bila kuipitisha motoni. Hii tutaichemsha sana, tuile leo hii."

Lori lilipoondoka, bibi alibandika maji jikoni. Yalipochemka, akampa Chapuchapu sabuni.

"Haya, mke mwenzangu, osha. Na leo polepole."