Saini ya Sefania

Sefania alikutana na Evelina sokoni Lushoto, siku ya gulio, pale mfuko wa dada huyo ulipochanika na mapeasi yakatawanyika miguuni mwa watu. Alivaa gauni la njano na sweta la bluu, na badala ya kuona haya alikuwa akicheka.

"Kaka, usisimame tu kama nguzo. Okota!"

Akaokota. Kumbe walikuwa wa hospitali moja: yeye fundi wa vifaa tiba, Evelina muuguzi aliyehamia wiki ileile. Haukupita mwezi wakawa wanapigiana simu kutoka majengo yanayotazamana.

"Fundi wangu, umekula?"

"Sijala. Nakuwaza wewe."

"Basi shiba hivyohivyo!"

Kila mwezi Sefania alikagua mashine ya kushtua moyo. Aliichomoa ukutani aone kama betri inashika chaji, akavibana kwenye kifaa cha kupimia vile vibao viwili vinavyowekwa kifuani mwa mgonjwa, akawaambia watu wasogee mbali, ndipo akabonyeza. Lakini Ijumaa moja Evelina alipiga simu.

"Mpenzi, baba anakusubiri huku kwetu Kwai. Ukichelewa siku ya kwanza atakuona mtu ovyo."

Sefania akaiwasha mashine ikiwa bado imechomekwa, akaona taa ya kijani, akatia saini. Jioni ile, Kwai, uchumba ulikubaliwa.

Jumanne umeme ulikatika. Mzee Zabron, mkulima wa kabichi, alizimia wodini zamu ya Evelina, moyo ukipiga ovyo. Mashine ililia mara moja, ikazimika. Mzee akafa huku wakimkandamiza kifua. Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, aliitazama saini ya fundi, kisha akamgeukia Evelina.

"Hukuiacha kwenye chaji."

Akasimamishwa kazi.

Siku tatu Sefania alimbembeleza. "Si kosa lako, mama," alisema, asiseme ni la nani. Siku ya nne alimkuta amepiga magoti, anamwomba Mungu amsamehe kwa kumuua mzee. Hapo akashindwa.

"Eve, betri ilikuwa imekufa. Sikuipima. Nilikuwa nawahi kwenu."

Evelina akanyanyuka polepole. "Siku zote hizi unajua?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaniacha nijione muuaji, huku umenishika mkono!"

Asubuhi Sefania aliandika maelezo yake kwa mganga mfawidhi. Akaenda na kwa mjane wa Zabron. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Evelina akarudishwa kazini, Sefania akaachishwa.

Mwezi uliofuata alikuwa Mazinde, akitengeneza pasi na redio katika kibanda cha barabarani, simu ilipoita.

"Nimekusamehe," Evelina alisema, sauti kavu. "Nimeomba sana, nimeweza. Lakini mume lazima nimwamini hata akiniambia tu kwamba jiko limezimwa. Wewe sitaweza."

"Eve, nipe muda..."

"Wazee wangu watakuja kwenu Jumapili kuvunja uchumba. Usinipigie tena, Sefania."

Simu ikakatika. Mteja aliyekuwa akisubiri pasi yake akamuuliza kama kuna msiba. Sefania akatikisa kichwa, akaomba dakika mbili, akaenda nyuma ya kibanda akalia.