Raba Laini za Evod

Evod wa Viwanja Sitini alikuwa na dharau, Mungu anisamehe, mpaka ya kumgawia jirani. Tangu apate raba mpya za kukimbilia, soli yake sponji nene kama mkate, sisi wa ndala alituona takataka. Jioni ile, jua likizama, akatoka kuzijaribu kwenye njia ya mashamba ya mpunga.

Njia ile inapita makaburini, na Mama Balbina alikuwa amezikwa juzi. Matanga hayajaanuliwa. Kwa kawaida yetu, ukipita penye kaburi bichi unakanyaga kwa kishindo na kukohoa, ili marehemu ajue anayepita ni mzima. Restuta, mkewe, alimkumbusha. Evod akamjibu kwamba hayo ni mambo ya washamba, na yeye hakununua raba laini ili apige kishindo.

Akakimbia. Loo, zilikuwa laini kweli. Hakusikia hatua yake hata moja.

Akasikia za mwingine.

Pwata... pwata... Miguu mitupu, topeni, nyuma yake. Harufu ya ubani na udongo mbichi ikamjia. Akageuka kwa kiburi, tayari kumcheka mshamba anayemfukuzia.

Alikuwa Mama Balbina, kavaa gauni lile lile jeupe tulilomzikia.

"Shikamoo, mama," sauti ikamtoka nyembamba.

 Mama alimshika mkono kwa upole, kama mwenyeji anayempokea mgeni.

"Miguu yako haisikiki, baba... Wewe umezikwa lini?"

Akaanza kumvuta kuelekea makaburini, akimwambia taratibu asiogope, nafasi ipo. Mkono ule wa baridi ulikuwa na nguvu za ng'ombe. Hapo dharau yote ikamwisha. Evod akazing'oa raba bila kufungua kamba, akapiga mguu mtupu chini. Akapiga tena, na tena, akikohoa mpaka akatapika.

Mkono ukamwachia.

"Kumbe bado," mama akanong'ona.

Evod alifika nyumbani analia, mwanaume mzima, magoti yamechubuka. Mimi sikumwonea huruma hata chembe. Usiku kucha alimwapia mkewe kwamba harudi kule kuzifuata zile raba.

Wala hakukuwa na haja. Alfajiri Restuta alipofungua mlango alizikuta kizingitini, zimepangwa vizuri. Akatia mkono ndani ya moja, akautoa upesi.

"Evod," akaita kwa sauti ya chini, "bado zina joto. Nani kazivua sasa hivi?"