Nani Alikaa Matanga ya Senait?

Alfajiri, kabla ya kwenda ubalozini, Begoña aliinua blanketi la kitanda kidogo akakuta mto peke yake. Mihret, mtoto wa miaka minne ambaye yeye, mumewe na binti yao walitoka Hispania kuja Addis Ababa kumchukua awe mtoto wao, hakuwapo. Geti la nyumba ya wageni lilikuwa limefungwa.

Inspekta Tirunesh alipofika alimkuta mama huyo sakafuni, amekumbatia viatu vidogo vipya, na bintiye akimpapasa mgongo kama mtu mzima.

"Muulize mlinzi," alisema Bwana Mesfin, wakala aliyewatafutia mtoto. "Ufunguo anao yeye tu."

"Nalinda hapa tangu wewe Mesfin hujawa na kiatu cha pili," alijibu mlinzi, mzee Worku. "Leo nimekuwa mwizi wa watoto?"

"Gashe Worku, ulifungua geti?" Tirunesh aliuliza, akimwita kwa heshima ya wazee.

"Geti hufunguliwa, mwanangu. Ndiyo kazi yake."

Jibu hilo halikumpendeza Tirunesh. Aliinamia mto, akanusa. Siagi mbichi, ya kupaka nywele.

"Nani alimpaka mtoto siagi kichwani?"

Joaquín, mumewe Begoña, aliyejifunza Kiamhari, alimwonyesha picha kwenye simu. "Alikuja hivyo jana jioni kutoka makao ya watoto. Tulitaka kumwosha, akalia. Tukamwacha."

Pichani, mistari ya nywele ilikuwa myembamba, imenyooka, haijavutwa kwa haraka hata mahali pamoja.

"Hao ni walezi wa makao," alisema Mesfin.

"Mlezi mwenye watoto sitini hasuki hivi. Huyu alisukwa na mtu asiyetaka kumaliza. Ana ndugu?"

"Hana. Mama yake, Senait, alikufa msimu wa mvua, hapahapa mtaani Gulele."

"Mungu amlaze. Idiri gani ilimzika?"

Mesfin alipekua makaratasi yake. Addis Ababa nzima, hata mchuuzi wa kuni ana idiri yake, chama cha kuzikana. Hema hupigwa, majirani wakakaa matanga. Makaratasi ya wageni hayakuwa na nafasi ya swali hilo, naye hakuwahi kulifikiria.

"Ile ya kanisani, juu," alisema.

Tirunesh alimpigia mwenyekiti wa idiri hiyo, simu wazi ili wote wasikie.

"Senait mfua nguo?" mzee yule alicheka. "Binti yangu, kama amekufa, basi mzimu wake ndio uliotusugulia masufuria jana kwenye matanga ya jirani."

Tirunesh alimgeukia mlinzi. "Gashe?"

"Alikuja kungali giza. Mtoto alimwona dirishani, akaita 'Emaye'. Mtoto akimwita mama yake, nimfungie nani geti?"

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya huyu?" Alimwelekezea Mesfin kidevu.

Walikwenda wote kwa Senait. Mesfin alitaka kubaki. Tirunesh akamkalisha ubavuni pake garini.

Senait hakukimbia. Alikuwa anamlisha mtoto mkate wa injera. "Aliniambia ni shule," alisema, akimtazama Mesfin. "Kwamba kila Pasaka atarudi. Jana nilikwenda kumsuka nimuage, mpishi wa makao akaninong'oneza kuwa hawa hawarudishi."

"Wageni wanataka yatima," Mesfin alisema. "Mtoto mwenye mama hanipi riziki. Na wewe ungempa nini? Mapovu ya sabuni?"

"Nyamaza," alisema Tirunesh, akampeleka kwa askari waliokuwa mlangoni.

Joaquín alikuwa amemtafsiria mkewe kila neno. Begoña alimnyooshea mtoto mkono. Mihret alimtazama, kisha akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Begoña akapiga magoti, akaviweka vile viatu sakafuni karibu na mtoto, akaurudisha mkono wake mtupu.

Senait alimega injera, akaikunja kwenye mchuzi wa dengu, akamnyooshea Begoña mdomoni kama anavyolishwa ndugu.

"Kula, dada," alisema. "Huwezi kulia njia nzima ukiwa na njaa."

Begoña hakuijua lugha. Alifungua mdomo.