Pumzi ya Gari la Mjane

Gari la mjane lilikuwa likihema. Hivyo ndivyo alivyosema shemeji, amepiga magoti kando ya mlango wa gari jingine aliokuwa akiunyoosha kwa nyundo, na Kauli Moja akamwambia aache upuuzi. Injini haihemi. Injini inavuta hewa na mafuta, inachoma, inatema moshi, basi. Lakini likiwa limesimama, bila mtu kukanyaga mafuta, gari lile lilipandisha mngurumo taratibu, likakaa, likashuka mpaka karibu kuzimika, likakaa tena, kisha likapanda. Mtu aliyelala usingizi mzito huhema vivyo hivyo.

Jina la Kauli Moja fundi huyo alipewa na wateja. Akisema plagi ni nzima, ni nzima. Akisema gari jioni, ni jioni. Hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kufungua na kuungua vidole. Hasira zake zilikuwa karibu kama kiberiti cha mfukoni, ila hakuna mtu mtaani aliyewahi kumkamata kwa uongo. Shemeji, kaka wa mkewe, aliyekuwa na kona yake ya kunyoosha bodi kwenye gereji hiyohiyo, alipenda kusema kwamba dada yake hakuolewa na mwanamume, aliolewa na mhuri.

Mjane mwenyewe alikuwa mama mshonaji wa mtaa wa pili, na ombi lake lilikuwa dogo: gari lisimzimikie njia panda. Hakutaka zaidi ya hapo. Marehemu mumewe alikuwa fundi naye, na gari hilo alilinunua likiwa limetelekezwa nyuma ya ghala. Alipokwisha kukabidhi ufunguo, mama akasita, mkoba kaushika kwa mikono miwili, akasema kama anayeona aibu.

"Mwanangu, utakuta tundu kwenye injini. Marehemu aliliacha makusudi. Usilizibe."

"Tundu la nini, mama?"

"Humo mna kitu kinachotaka pumzi. Kikikosa ya nje, kitavuta ya mtu."

Kauli Moja alitazama viatu vyake ili asimcheke mtu mzima. "Sitaziba," alisema. Mama akashukuru, akaenda zake moyo umetulia, maana aliyeahidi alikuwa Kauli Moja.

Alianza na yaliyo rahisi, kama kawaida yake. Akasafisha kabureta, akabadili plagi, akapima waya mmoja mmoja, akaikaza skrubu ya hewa kidogo, akailegeza. Gari likaendelea kuhema. Ndipo akachukua kipande chake cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha ya pili akaipitisha polepole kandokando ya injini, kama daktari anavyopima kifua cha mgonjwa, akitafuta mahali hewa ya wizi inapoingilia. Nyuma ya kabureta, chini kabisa, mpira ukamletea mluzi mwembamba. Akamulika tochi. Palikuwa na kibomba cha shaba, upana wa kidole kidogo, mdomo wazi, kingo zimelainishwa kwa tupa. Kazi safi. Usafi huo ndio uliomuudhi. Fundi mwenye mkono mzuri kiasi hicho, aliwezaje kutoona kwamba tundu lake ndilo ugonjwa wenyewe?

Akausogeza mpira karibu zaidi. Mluzi ukakatika. Kisha, ndani ya sikio lake, kwa upole, kitu kikavuta pumzi.

Akauchomoa mpira. Kulinuka, wala si petroli. Ni harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu. Shemeji akauliza kulikoni. Akamjibu hakuna kitu, akageuza uso, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kusema lisilo kweli.

Wako watu ambao hofu ikiwashika hutokea mlango wa hasira. Kauli Moja alikuwa mmoja wao. Alijiambia ataziba kidogo tu, aone mshale wa mizunguko ya injini unasimama wapi, kisha azibue. Kupima si kuziba. Akakata kipande cha mpira mzito, akakipachika kwenye kibomba, akakikaza kwa waya. Akabana boneti kama gari litakavyokuwa barabarani, akaingia, akafunga mlango na vioo ili nyundo ya shemeji isimharibie usikivu, akawasha.

Injini ikatulia kama cherehani mpya. Mshale ulisimama, hautikisiki. Kauli Moja akatabasamu peke yake, akashusha pumzi ya kuridhika, akataka kuvuta nyingine.

Haikuja.

Alivuta kwa nguvu, ikaja nusu. Kifua chake kikapanda taratibu, kikakaa, kikashuka mpaka karibu kuzimika, kikakaa tena, kwa mwendo uleule aliokuwa akiusikia tangu asubuhi chini ya boneti. Alipogeuza ufunguo ili azime gari, ufunguo ukazunguka bila kushika chochote, na alipovuta kitasa cha mlango, kitasa kikamlegea mkononi kama kidole cha mtu aliyelala, na harufu ile ya kisima ikaanza kupanda kutoka chini ya miguu yake, ikamfika magotini, ikamfika kifuani, ikamfika shingoni kama maji yanavyojaa pipa, huku nje jua likiwaka sawasawa na shemeji, hatua chache tu kutoka pale, akigonga bati na kujiimbia.

Alichukua spana akapiga kioo. Spana iligota bila mlio, kana kwamba amepiga godoro. Shemeji aliinua kichwa, akaona mtu anainua spana ndani ya gari linalonguruma vizuri, akadhani ni furaha ya kazi kwisha. Akamwonyesha dole gumba.

Wakati huo mama mshonaji akaingia getini, kaja kuulizia gari lake. Alisimama ghafla. Alikuwa akisikiliza ule mngurumo ulionyooka. Kauli Moja aliona, kupitia kioo cha mbele, jinsi uso wa mama ulivyosinyaa, jinsi alivyomshika shemeji mkono na kumnong'oneza. Shemeji akaja dirishani, akainama.

"Shemeji, mama anauliza. Umeziba lile tundu?"

Nimeziba, alitaka kusema, nimeziba, zibua. Ulimi haukusogea. Midomo yake ilikuwa imebanana kama iliyopigwa gundi. Na kutoka kwenye sikio lake, sikio lile alilowekea mpira, sauti yake mwenyewe, kavu, yenye ukali wake uleule wa kila siku, ikajibu:

"Sijaziba."

Shemeji akamgeukia mama na kumtoa wasiwasi. Huyu, alimwambia, akisema hajafanya, hajafanya. Hata mimi ananieleza makosa yake kabla sijayaona. Mama akatikisa kichwa taratibu kukubali. Naye alimjua. Wakaanza kuondoka pamoja kuelekea benchi la kivulini, na Kauli Moja, macho yamemtoka, paji la uso na pua vimegandamizwa kwenye kioo cha mbele, akaelewa kwamba kilichomfungia humo si kitasa wala kioo, ni jina lake, hilo jina alilolijenga kwa miaka na kulitembelea mtaani kifua mbele, na kwamba wangekaa pale kivulini wakimsubiri kwa heshima zote mpaka pumzi yake ya mwisho iishe.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito kama gogo. Aliuburuta chini ya usukani, kwenye kile kiwaya ambacho vidole vyake vilikijua hata gizani. Akavuta.

Boneti ikaruka kidogo. Tak.

Shemeji akarudi. "Unafungua tena?"

"Funga boneti," sauti ilisema.

Shemeji akaweka kiganja juu ya boneti ili aibane. Lakini mama alikuwa amefika mbele ya kioo, na hakuwa akiitazama boneti. Alikuwa akitazama mdomo wa fundi, uliofungwa, na kioo mbele ya pua yake, kikavu, bila hata alama ya mvuke.

"Usifunge," alisema mama, sauti ya chini kabisa. "Huyu anayeongea hapumui."

Shemeji aliinua boneti akang'oa ule mpira pamoja na waya wake, akajichana kiganja. Kibomba kikapiga mluzi mrefu. Mlango ukaachia wenyewe, na Kauli Moja akaangukia kwenye mchanga wenye oili, akavuta pumzi moja, nzima. Nyuma yake injini ikaanza tena kupanda na kushuka.

Mama aliondoka na gari lake likiwa vilevile. Afadhali limzimikie njia panda, alisema. Lakini kabla hajaondoka alimwinamia fundi, akamnong'oneza.

"Marehemu naye, licha ya onyo lake mwenyewe, aliwahi kuliziba, mara moja. Baada ya hapo hakuongea tena mpaka anazikwa. Nilidhani ni mshtuko."

Jioni, nyumbani, mkewe alikuwa akiosha vyombo. Alikuwa ameshasikia mkasa kwa kaka yake, ila si habari ya ile sauti. Alisema kaka amempata mganga anayejua mambo ya namna hii, yuko tayari, anangoja neno moja tu ili aje.

"Baba watoto, niambie mimi ukweli. Kimekuacha?"

Kauli Moja alikuwa amekaa nyuma yake kwenye kiti, mikono imemlalia mapajani na haiinuki. Sikioni mwake mluzi ulikuwa haujanyamaza tangu mchana. Alikusanya nguvu zake zote aseme bado, kimo, muite upesi. Midomo haikuachana.

"Kimeniacha," sauti yake ilisema. "Usimsumbue mtu."

Mkewe akashusha mabega, akatoa pumzi ya shukrani, akaendelea kusuuza sahani. Hakugeuka. Tangu aolewe, mwanamume huyu hajawahi kumdanganya.