Yowe Lililokatwa Mtendeni

Walikutana sokoni Mtendeni, Jumamosi adhuhuri, Uwesu alipomsogelea fundi cherehani aitwaye Asmahani, kifungo cha shati mkononi.

"Kaka, shati lenyewe limechoka. Nishone au nilizike?"

Uwesu akacheka. Alikuwa ametoka chuoni juzijuzi, na alikuja kuwapanga wafanyabiashara wajiokoe moto ukizuka: ndoo zikae wapi, nani atolewe kwanza kwa orodha ambayo kila safu iliipanga mkutanoni, kila safu ipokee yowe na kulipeleka safu inayofuata.

Baada ya wiki mbili simu zao hazikuwa na mwisho.

"Umekula, mpenzi?" Asmahani angeuliza.

"Nikikusikia nashiba."

"Haya, leo sipiki."

Kisha moto ukazuka kweli. Ndani ya moshi Asmahani alimwona Uwesu akimpita, akaingia duka la jirani na kutoka amembeba Shamila, muuza udi, magongo yake ya kutembelea yakiachwa nyuma. Cherehani ya marehemu mama yake Asmahani ikateketea.

"Kumbe mimi ni wa kupitwa," akasema, akaacha kupokea simu. Alitaka Uwesu naye aumie, tena mbele za watu.

Siku ya zoezi la kuujaribu mpango wa Uwesu ikafika. Wageni wa manispaa wakaketi. Likifana, mpango ungepelekwa masoko mengine. Likiharibika, basi.

"Yowe likifika kwetu, mashoga, tushone tu," Asmahani aliwaomba mafundi wenzake. Walimhurumia, wakakubali.

Yowe lilianzia kwa wauza dagaa, likapita kwenye vitenge, likafika kwa mafundi na kufia hapo. Ng'ambo ya pili, safu iliyofuata, wauza asali wa Sikonge wakaendelea kupanga madumu yao. Wageni wakaanza kuinuka. Asmahani, katika dera jekundu alilolishona kwa cherehani ya kuazima mahususi kwa siku hiyo, akatabasamu.

Uwesu akamjia, jasho likimtiririka. "Furahi. Lakini nilikukosea nini?"

"Muulize Shamila wako."

"Shamila ni wa kwanza kwenye orodha ya safu yenu."

"Nani alimweka?"

"Wewe! Ulisimama mkutanoni ukasema, 'Aanze Shamila, sisi wengine tuna miguu.' Siku ile ndiyo nilikupenda. Kwenye moshi nilikuona umesimama, nikashukuru Mungu, nikaenda ulikonituma."

Asmahani akakumbuka. Hasira ilikuwa imemwonyesha mikono ya Uwesu tu, magongo hakuyaona.

Akapanda juu ya kigoda, akapiga yowe mpaka koo likamchoma. Mafundi wakalipokea. Wauza asali wakatupa madumu, wakadaka ndoo. Wageni wawili walikwisha kuondoka. Watatu wakaketi tena.

"Nisamehe," akasema, sauti imekauka.

"Sikusamehe bure. Nitalipiza."

"Lipiza."

"Ijumaa wazee wangu wanakuja kuposa kwa baba yako. Wakiuliza kama unanitaka, kaa kimya kama mwari, kama ulivyowanyamazisha wenzako leo."

"Ng'o! Kimya kimenitosha," Asmahani akasema, machozi yakimlenga. "Nitawajibu 'ndiyo' mpaka safu ya dagaa isikie."