Aliyeifunga Atlasi

Lieven Boogaert alikutwa kifudifudi katika chumba cha nyuma cha duka lake, kisogo kimepasuka, na mvua ya mji wa Middelburg ikigonga vioo kana kwamba nayo inataka kuingia kutazama.

Kando yake lilikuwepo pande la chuma, lile ambalo mafundi hugandamizia vitabu mpaka gundi ikauke. Lilikuwa na damu na nywele. Hakuna aliyelifuta.

"Kafa jana jioni," alisema daktari wa polisi. "Pigo moja, kwa nyuma."

Inspekta Krijn Wisse alitazama meza. Kisu kikali, rula ya chuma, na vipande vyembamba vya karatasi kuukuu, vimejikunja kama maganda ya viazi. Pembeni palikuwa na beseni. Maji yake yalikuwa mekundu. Taulo ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Kanawa," alisema Sajini Poppe. "Muuaji msafi huyo. Angenifaa kwangu, mke wangu apumzike."

"Kanawa mikono, lakini silaha kaiacha na alama zake za vidole. Hilo linakuingia akilini, Poppe?"

"Haliniingii, mkuu. Ila mtu nimeshamkamata."

Poppe hakuwa mtu wa kungoja chungu kichemke. Alikuwa amemtia ndani Kees Verhage, muuza ramani wa ng'ambo ya mfereji, kwa kuwa Kees alipiga kelele kilabuni, watu wote wakisikia, kwamba atamvunja Boogaert shingo. Chuma kilipelekwa maabara, na maabara haina haraka. Mke wa Kees alisimama mlangoni mwa kituo, mvua inamnyeshea, hataki kuondoka.

"Mligombea nini?" Inspekta alimuuliza Kees.

"Atlasi. Aliniwahi."

"Ukamwua."

"Nimwue halafu niiache? Niite muuaji, Inspekta, lakini usiniite mjinga."

Neno hilo lilimkaa Wisse rohoni. Atlasi kweli ilikuwepo dukani: kitabu kikubwa kama mlango wa kabati, ramani zake zimechongwa kwenye mabamba ya shaba, zikapigwa chapa na kutiwa rangi kwa mkono, enzi za mababu wa mababu. Ilikuwa imelazwa kwenye rafu ya chini, imefunikwa kitambaa, vishikizo vya shaba vimefungwa. Ndani, ramani kadhaa zilizokuwa zimekatwa kwa kisu zilikuwa zimerudishwa, kila moja mahali pake. Haikuwa na hata tone la damu.

Alirudi dukani akaifungua. Alipotaka kuifunga, vishikizo vilikataa. Mbao za jalada zilikuwa zimevimba kwa unyevu. Poppe alisukuma hadi akawa mwekundu.

"Kitabu gani hiki? Mkaidi kuliko mama mkwe!"

Basi Wisse akaelewa. Aliyeua hakunawa ili kuficha damu. Alinawa ili asikichafue kitabu, na aliweza kukifunga kwa kuwa alikijua vizuri.

Aliulizia mtaani ni nani aliyeikarabati atlasi hiyo. Akaelekezwa uchochoro wa nyuma, kwa Jacomina Minderhoud, mwanamke wa makamo aliyejalidi vitabu tangu usichana wake. Alimkuta anapika gundi.

"Karibu, mwanangu. Futa viatu."

Inspekta alivifuta. Poppe akaiweka atlasi mezani, wazi.

"Tumeshindwa kuifunga, mama. Tusaidie."

Jacomina aliitazama kitambo kirefu. Kisha akaenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni, akajikausha kidole baada ya kidole. Akaikunja taulo. Akarudi, akalaza jalada polepole, akalikandamiza kwa kiwiko pembeni mwa uti wa kitabu. Kishikizo kikalia, tak. Cha pili, tak.

Gundi ilichemka jikoni.

"Jana uliifunga hivyohivyo," alisema Inspekta.

Jacomina alitazama taulo, kisha mikono yake, kama vile imemsaliti.

"Ningejua mnakuja na mtego huu, ningewapokea na mikono michafu." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nisingeweza."

"Kwa nini ulimwua?"

"Mwaka wa vita, mji ulipowaka, kaka yangu Marinus na mimi tulikitoa kitabu hiki kwenye nyumba ya tajiri wetu. Nilikishika huku, yeye kule. Tulipofika nje alirudi kuchukua kingine. Paa likamwangukia."

"Pole, mama."

"Tajiri alipofariki, warithi wakamwuzia Lieven. Akaniapia hapa, kwenye meza hii: kitabu hakitavunjwa. Nikakitengeneza majira mawili ya baridi. Jana nikaenda na uzi wa kumalizia. Nikamkuta na kisu. Anakata ramani ya Zeeland, jimbo letu hili, anapiga mluzi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamkumbusha kiapo. Akacheka. Akasema, 'Mama, watu hawanunui kitabu, wananunua picha ya kutundika ukutani.' Akanigeuzia mgongo, akaendelea kukata." Aliweka kiganja juu ya jalada. "Marinus alikufia kitabu kizima."

"Kees yuko ndani kwa ajili yako."

"Sikujua. Mtoeni leo, mkewe asilale peke yake." Alivua aproni, akaitundika. Akazima moto chini ya gundi.

Mlangoni alisimama.

"Sasa kitabu ni cha nani?"

Inspekta Wisse hakupenda kulijibu swali hilo. Mwana wa marehemu alikuwa amekwisha kupiga simu kituoni tangu asubuhi. Hakuulizia maiti ya baba yake. Aliulizia atlasi, na kama ramani zilizokwisha kukatwa anaweza kuzichukua kwanza.

"Ni cha mwanawe, mama. Ndiyo sheria."

Jacomina alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari ya msiba wa pili.

"Kilazeni," alisema. "Kisisimamishwe, uti utakatika." Kisha akanyoosha mikono yake safi, Poppe akaifunga pingu.