Ukuta wa Bibi Azuma Unatoka Jasho

Nina kitendawili, na usikimbilie kujibu. Nivike nguo ya udongo, nitapumua. Nivike nguo ya saruji, nitatoka jasho mpaka nianguke. Mimi ni nani?

Kama hujui, usione haya. Ayinpoka naye hakujua, na nguo hiyo ya saruji yeye ndiye aliyetaka ivikwe.

Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa. Asubuhi hiyo Ayinpoka alikuwa jikoni, anasonga ugali. Mama mkwe wake, Bibi Azuma, alikaa uani akibambua karanga. Mara kikasikika kishindo chumbani kwa bibi. Puu!

Ayinpoka alikimbia kutazama. Kipande cha plasta, kikubwa kama ungo, kilikuwa kimeanguka kutoka ukutani. Kilikuwa juu ya mkeka, pale pale bibi anapolaza kichwa.

"Mke wa mwanangu, nini kimeanguka huko?" Bibi Azuma aliuliza kutoka nje.

"Ni... ni chungu, mama."

"Chungu gani? Vyungu vyangu vyote ninavyo huku."

Ayinpoka aliinama. Alizoa vipande haraka haraka. Akasukuma kapu la mtama mbele ya lile tundu. Uso wake uliwaka moto, ingawa hakuna aliyemwona.

Katika nchi ile, kuta za nyumba ni kazi ya wanawake. Kila mwaka baada ya mavuno hukusanyika, huenda nyumba hadi nyumba, na hukandika kuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Leo kwako, kesho kwangu. Ayinpoka alichoka na kazi hiyo. Mwaka juzi alimbembeleza mumewe, Abugre, mpaka akanunua saruji. Walipiga plasta kuta za chumba cha bibi, nje na ndani.

"Nyumba yangu haitanuka ng'ombe tena," Ayinpoka alisema kisimani, wenzake wakisikia.

Tangu siku hiyo wakamwita Bi Saruji. Naye hakwenda tena kukandika kwa mtu yeyote.

Sasa aliushika ukuta ule. Ulikuwa baridi, umelowa. Mvua zilikuwa zimekwisha mwezi mzima! Kuta za jirani zilikuwa kavu kama mkate wa jana.

"Ukuta huu unatoka jasho kuliko mimi," Bibi Azuma alizoea kusema, kisha akakohoa. Ayinpoka alikuwa akijifanya hasikii.

Abugre alipoona tundu alisema, "Tuzibe kwa saruji tu." Wakaziba. Siku ya nne kiraka kikaanguka, na udongo ukashuka nacho. Hapo Ayinpoka akaogopa kweli. Ukuta huo ukilala, utamlalia mama.

Aliyejua kuta pale kijijini alikuwa Lariba, jirani yao, kiongozi wa wakandikaji. Ayinpoka alipita nyuma ya nyumba ili wanawake waliokuwa wakisaga wasimwone. Alimkuta Lariba anachemsha maganda ya matunda ya mti wa mdawadawa. Maji yake mekundu ndiyo hupakwa ukutani mwisho, ili mvua iteleze.

"Ehee, Bi Saruji! Leo jua limetokea wapi?"

"Dada Lariba, ukuta wa mama unaanguka."

"Wa mama, au wako?"

Ayinpoka aliinamisha kichwa. "Wangu. Mimi ndiye niliyeufunika."

Lariba aliacha kukoroga. "Mwaka juzi, siku ya ukuta wangu, nilikuita mara tatu. Ulikuwa ndani, moshi wa jiko lako niliuona. Kwa nini hukuja?"

Ayinpoka alisukuma kuni chini ya chungu. Alitazama vidole vya miguu yake.

"Basi, utanijibu siku utakayoweza," Lariba alisema. "Twende. Mama kwanza."

Walipofika, Lariba aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Juu ulilia ko, ko. Chini ulilia bwe, bwe, kama boga lililooza.

"Leo hii mama ahame chumba hiki," alisema. "Asilale hapa hata siku moja."

"Lakini saruji ni ngumu kuliko udongo!" Abugre alisema.

"Ndiyo ubaya wake, shemeji. Udongo huvimba ukilowa, hunywea ukikauka. Saruji haiufuati, inapasuka. Maji huingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, lakini kutoka hayawezi. Ndani udongo unakuwa uji."

"Na tulipoziba tena?"

"Mlimziba pua mgonjwa. Haya, maji ya kuogea mnayamwaga wapi?"

Abugre alinyoosha kidole. Mfereji wa bafu uliishia chini ya ukuta ule ule. Akarudisha kidole polepole.

Kazi ilianza kesho yake. Kwanza walisimamisha nguzo chini ya boriti, paa lisije likawaangukia. Kisha Abugre alibandua saruji kutoka juu kwenda chini, kidogo kidogo. Walikwangua udongo wote uliolainika. Waliuacha ukuta upigwe na upepo wiki tatu, mpaka ukakauka kabisa. Pale chini palipoliwa na maji, walijaza madonge ya udongo mgumu na kuyashindilia. Abugre akageuza mfereji wa bafu uelekee shambani. Akainua ardhi kando ya ukuta, iteremkie mbali na nyumba.

Ikabaki kukandika.

"Utawaita wenzetu?" Ayinpoka alimwomba Lariba.

"Mimi? Mdomo uliowatukana ni wako. Uende wenyewe."

Ayinpoka alikwenda milango kumi na moja. Kila mlango ulikuwa mzito kuliko uliotangulia.

"Tuje na mavi ya ng'ombe, au utaziba pua?" mmoja alimcheka.

"Njooni nayo," Ayinpoka alisema, machozi yakimlenga. "Nitakanda mimi."

Walikuja tisa. Ayinpoka aliinua nguo yake, akaingia kwenye rundo la udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, akalikanyaga.

"Bado! Kanda!" Bibi Azuma alipiga kelele kutoka kwenye kigoda. "Miguu hiyo inaogopa nini?"

Wanawake walicheka. Ayinpoka naye akacheka kidogo.

Lariba alifinyanga donge moja akalianika juani. Lilipasuka. "Ongeza mchanga," alisema. La pili halikupasuka. Rundo likafunikwa siku mbili, likachachuka. Kisha wakapaka tabaka jembamba, wakangoja likauke, wakapaka la pili. Wakasugua kwa mawe laini mpaka ukuta ukang'aa. Mwisho wakapaka yale maji mekundu ya mdawadawa.

Mvua zilipokuja, zilikuja na upepo wa kung'oa mabati. Kila baada ya mvua kubwa Ayinpoka aliuzunguka ukuta, akiupapasa. Akikuta ufa, aliuziba kwa udongo wiki hiyo hiyo. Ukuta ulilowa, ukakauka, ukasimama. Kikohozi cha Bibi Azuma kikaisha.

Mavuno yakarudi. Siku ya ukuta wa Lariba, bila kuitwa, Ayinpoka alikuwa tayari mlangoni kwake. Kichwani alibeba beseni la mavi ya ng'ombe. Wanawake wengine walikuwa ndio wanafika.

"Leo sijakuita hata mara moja," Lariba alisema.

Ayinpoka alitua beseni. Mikono yake ilikuwa imechafuka mpaka viwikoni, naye hakuificha.

"Uliniuliza kwa nini sikuja," alisema. "Niliionea haya mikono yenu. Nilidhani ni mikono ya watu walioshindwa. Kisha ukuta ukaanza kutoka jasho, nikaona haya kurudi kwenu. Ile haya ya kwanza ilikuwa ujinga wangu, dada. Hii ya pili ndiyo iliyotaka kumuua mama."